UZI: Joto la nyuzi 49.6 milimani Kanada, na moto uliokuja siku ya nne

Dereva wa Korongoni (mleta uzi) | #1

Wakuu salaam.

Juzi kwenye uzi mwingine jamaa aliandika kwamba Mzungu akiona nyuzi 30 anakimbizwa hospitali. Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Usiku usingizi ukagoma. Wiki ya mwisho ya Juni 2021 nilikuwa British Columbia, magharibi ya Kanada, na nilikuwa nacheka hivyohivyo mpaka Jumapili. Kuanzia Jumatatu sikucheka tena.

Nitaleta kwa vipande, niko zamu.

Mimi ni mtu wa Tanga, naendesha lori la friji. Nakaa Surrey, pembeni ya Vancouver. Mizigo yangu mingi inapanda bara: Hope, Merritt, Kamloops, mpaka Okanagan kwenye matunda. Ukishafika Hope una njia mbili. Kuna Coquihalla, barabara pana inayopita juu milimani. Halafu kuna ile ya zamani, Barabara namba 1, inayopita ndani ya korongo la mto Fraser: majabali kulia, majabali kushoto, na reli mbili zinazofuatana na mto huko chini. Hiyo ya zamani ndiyo inakufikisha Lytton, pale mto Thompson unapoingia Fraser. Fraser una rangi ya chai ya maziwa, Thompson ni wa kijani kibichi, na pale yanapokutana maji yanakwenda ubavu kwa ubavu kwa kitambo kabla hayajakubali kuchanganyika. Nilikuwa nasimama hapo kunyoosha miguu. Kijiji chenyewe ni watu 250 hivi, na wengine wengi zaidi wako jirani kwenye ardhi za Wanlaka'pamux, wenyeji wa asili wa hapo tangu enzi na enzi.

Jumapili tarehe 27 Lytton ilifika 46.6. Rekodi ya Kanada nzima ilikuwa 45.0, haijaguswa tangu 1937. Jumatatu 47.9. Jumanne 49.6. Las Vegas, mji wa jangwani, haijawahi kufika hapo. Jumatano jioni kijiji kikaungua.

Nashusha mzigo, narudi.

kipepeo88 | #2

Naweka kambi hapa. Mwaga vitu mkuu.

Chai Tangawizi | #3

49 Kanada? Kanada hii ya barafu na dubu? Chai hii haina hata sukari.

Mswahili wa Maskati | #4

Mleta mada hadanganyi, ilitangazwa sana. Lakini na mimi nina swali. Niko Oman mwaka wa kumi na nne huu, 49 kwetu ndiyo mwezi wa sita wenyewe. Juni 2018 pale Qurayyat, mji wa pwani, saa ishirini na nne zilipita kipimo hakijashuka chini ya 42.6, usiku ukiwemo. Asubuhi watu wakaenda kazini. Sasa mbona huko walikufa mamia?

Dereva wa Korongoni | #5

Maskati, umegonga penyewe, na jibu ni fupi: nyumba.

Huko kwenu kila chumba kina kiyoyozi, hata kibanda cha mlinzi. Kazi za juani zinasimamishwa mchana kwa sheria miezi ya kiangazi. Mtu anajua saa sita hatoki. Nyumba za huku adui yao ni Januari. Ukuta wa mbao umeshindiliwa sufi ya kioo ili joto lisitoke, na dirisha lina vioo viwili. Dirisha letu linatazama machweo, na mwisho wa Juni jua huku linazama saa tatu usiku na ushee. Jua linakuchoma tangu saa nane mchana mpaka saa tatu usiku, ukuta unameza, halafu usiku kucha unakutapikia. Kiyoyozi hatuna. Mwenye nyumba alikataza mashine za dirishani kwa maandishi, eti zinaharibu sura ya jengo. Na hata angeruhusu, feni zenyewe ziliisha madukani kabla ya Jumamosi.

Nina mama mkwe, tunaishi naye. Jumapili yeye ndiye aliyekuwa anacheka kuliko wote. "Hili ndilo joto linalowatoa roho?" Akajifunga kanga, akakaa anamenya viazi huku anaimba. Jumatatu nimerudi saa nane za usiku, sebuleni giza, kipimo cha ukutani 35. Nikamkuta bafuni, amekaa sakafuni, mgongo kauegemeza vigae, miguu ndani ya beseni la maji. Dirishani ametundika kanga mbili mbichi zinachuruzika. Akanitazama akasema, "Baba Salma, Tanga usiku bahari inapumua. Hapa hapapumui."

Hapo ndipo nilipoelewa. Mchana wa 40 unavumilika ukijua usiku utapoa, maana usiku ndio mwili unalipa madeni yake. Siku nne usiku haukupoa.

Ghorofa ya tatu alikuwepo mzee mmoja, yeye na paka wake. Jumanne gari la wagonjwa lilikuja kumchukua. Walishuka naye ngazi bila haraka.

Kuanzia 25 Juni mpaka 1 Julai mkoa huo ulipoteza watu 619 kwa joto. Hayo ni matokeo ya ofisi ya mchunguzi wa vifo ya mkoa. Asilimia 98 walifia ndani ya majumba, siyo juani. Theluthi mbili walikuwa na miaka 70 au zaidi, na zaidi ya nusu waliishi peke yao. Moto wa Lytton, uliooneshwa kila runinga, uliua watu wawili. Kila roho ni roho. Ila picha ya moto ndiyo iliyobaki vichwani mwa watu, na wale 619 hawakuwa na picha.

Nesi wa Zamu | #6

Niko Alberta, mkoa wa jirani, wodi ya dharura. Nathibitisha anachosema kaka hapo juu na niongeze kidogo.

Mzee hasikii joto kama wewe. Kiu yake imefifia, jasho lake ni dogo, moyo umechoka. Weka juu yake vidonge vya presha, hasa vile vya kukojoza, na maji yanaisha mwilini akiwa amekaa tu kwenye kochi anaangalia taarifa ya habari. Anaanza kuongea ovyo. Watoto wakipiga simu wanasema "leo mama kachoka." Hajachoka huyo. Akichanganyikiwa na ngozi ikawa ya moto, hicho ni kiharusi cha joto, na saa inahesabu. Ita msaada, mvue, mmwagie maji, mpepee kwa nguvu, barafu makwapani, shingoni na kwenye kinena. Panadoli haisaidii, hiyo siyo homa.

Wengine waliokufa wengi mwaka ule, na ambao hawasemwi, ni wagonjwa wa skizofrenia. Dawa zao zinavuruga namna mwili unavyojipoza, na wengi wanakaa peke yao kwenye chumba kimoja cha juu. Sasa nani anawagongea mlango?

Na feni: joto la chumba likishapita joto la mwili wako, feni inakupulizia hewa ya tanuri. Lowesha ngozi kwanza ndipo uiwashe. Yule mama wa beseni alikuwa nesi kuliko sisi.

Chai Tangawizi | #7

Nimeperuzi, nimekuta kweli. Naimwaga chai yangu. Ila nielimisheni, joto la hivyo linatoka wapi mahali ambapo juu ya mlima kuna theluji mwezi huohuo?

Mwalimu Mstaafu | #8

Kijana, umewahi kujaza upepo baiskeli? Gusa lile bomba pale chini baada ya kupampu mara thelathini. Linaunguza. Hakuna aliyeliwasha moto. Hewa ikibanwa inapata joto.

Basi wiki ile juu ya eneo hilo ilitulia hewa yenye mgandamizo mkubwa, ikakataa kuondoka. Hewa ya namna hiyo inashuka kutoka juu kuja chini, na kadiri inavyoshuka inabanwa. Kila mita 1,000 inazoshuka inaongeza kama nyuzi 10. Imeanza na joto lake la juu, ikashuka juu ya milima, ikaingia korongoni. Huku inashuka inakausha mawingu, hivyo jua halina kizuizi, na tarehe hizo mchana wa huko ni saa kumi na sita. Ardhi ikishakauka, nguvu ya jua ambayo ingetumika kukausha maji inageuka joto tupu. Wazungu wanaliita kuba la joto. Mimi wanafunzi wangu ningewaambia sufuria iliyofunikwa.

Wanasayansi wa kimataifa walipiga hesabu siku chache baadaye wakasema joto la kiwango kile karibu lisingewezekana kabisa bila dunia kuwa imeshapata joto kwa sababu ya moshi wa viwanda na magari yetu.

Na theluji aliyoiuliza kijana: iliyeyuka kwa fujo. Bonde la Pemberton, milima ileile, watu walihamishwa kwa sababu ya mafuriko wiki moja na hiyo wenzao walipokimbia moto. Mto umejaa pomoni, msitu kando yake umekauka kama makuti.

Dereva wa Korongoni | #9

Shikamoo Mwalimu. Asante kwa bomba la baiskeli, nimelielewa kuliko ramani zote nilizooneshwa.

Sasa Jumanne yenyewe. Nilikuwa Kamloops, kipimo rasmi cha mji kilifika 47.3. Kiyoyozi cha kichwa cha lori kilikuwa kimekufa tangu asubuhi. Nikampigia mpanga safari ofisini, akaniambia "fungua madirisha, kesho tutaangalia." Nikafungua. Upepo ulioingia ulikuwa kama unafungua oveni kuangalia keki. Mpini wa mlango nilikuwa naushika kwa kofia. Lami ilikuwa laini, kiatu kinaacha alama. Tairi za wenzetu zinapasuka kila baada ya maili kadhaa, unaona vipande vya mpira vimelala barabarani kama nyoka.

Nikiri jambo. Nilikuwa nimebeba maziwa, tela liko nyuzi 3. Nikasimama pembeni, nikafungua nyuma, nikapanda, nikajifungia katikati ya maboksi dakika mbili. Raha niliyoisikia sitaisahau, na aibu pia, maana dirishani kwa mkahawa kulikuwa na mama mmoja ananitazama akiwa na kitoto kimelala mkononi, mashavu mekundu. Nilishuka nikampa maboksi mawili ya maziwa baridi, ampangusie mtoto. Ofisi walinikata hela ya yale maboksi. Na iwe.

Okanagan cheri ziliiva zikapitiliza juu ya mti. Unachuma tunda, ndani limepikika.

Jumatano nikapakia tena Kamloops. Jioni tukatazama kaskazini-magharibi, upande wa moto wa Sparks Lake. Lile si wingu la moshi nililozoea kuliona. Lilipanda likajivimbisha kama koliflawa, jeupe juu, chini jeusi tii, na ndani yake radi. Mvua hakuna hata tone, radi tu, na kila radi inaweza kuwasha mahali pengine. Usiku ule mitambo ilinasa radi zaidi ya 700,000 British Columbia na Alberta ndani ya saa kumi na tano. Moto ulikuwa umejitengenezea dhoruba yake wenyewe.

Kuhusu Lytton sikuwepo, niseme wazi nisijipake sifa. Nilishuka kwa Coquihalla usiku huo. Niliyoyajua ni ya redio na ya madereva wenzangu. Moto ulianzia upande wa kusini wa kijiji, na upepo ulikuwa unapuliza kuelekea kaskazini, kupanda korongo. Meya alieleza kwamba tangu dalili ya kwanza ya moshi mpaka moto kuwa kila mahali ilikuwa kama robo saa. Amri ya kuhama ikatoka saa kumi na mbili jioni. Watu wakaondoka na nguo walizovaa. Asilimia 90 ya kijiji ikawa majivu.

Wengi walinyooshea kidole treni. Bodi inayochunguza ajali za uchukuzi ilichunguza, haikupata ushahidi wa kuunganisha treni na moto ule.

kipepeo88 | #10

Robo saa! Mimi kutafuta ufunguo tu robo saa.

Mrombo_Halisi | #11

Mkuu umenirudisha mbali. Mimi nilikuwa mpagazi, na Oktoba 2020 nilipanda Kilimanjaro si kwa ajili ya mgeni, kwa ajili ya moto. Uliwaka tarehe 11 eneo la Whona, kati ya kambi za Mandara na Horombo. Tulikuwa mamia: askari wa hifadhi, zimamoto, wanafunzi wa chuo cha wanyamapori Mweka, wanavijiji na sisi wa mizigo.

Ninachotaka watu wajue ni kwamba sisi hatukuwa na joto. Asubuhi nyasi zina barafu, unavaa jaketi mbili, vidole haviitikii. Ikifika saa sita zilezile nyasi zinawaka kama karatasi. Kwa hiyo kauli ya "hali ya hewa ya moto" isiwadanganye mkadhani ni joto peke yake. Ni ukavu na upepo. Vuli ilichelewa, hewa ya juu kavu, jua kali bila wingu. Na ile miti ya erika ina mafuta ndani, inawaka ikiwa mibichi.

Silaha yetu ilikuwa matawi, mapanga na majembe. Unapiga moto kwa tawi mpaka tawi lenyewe linashika. Tunachimba kinga, tunakata vichaka, tunafika chini tumeshukuru Mungu. Kesho yake moshi unatoka nyuma yetu. Moto ulikuwa umepita chini ya miguu, ndani ya udongo na mizizi, kimyakimya. Ukiweka kiganja ardhini unasikia joto kama la mkate. Mpaka leo harufu ya kichaka kinachofuka inanifanya nitazame chini.

TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, walisema kilomita za mraba 95 na kitu ziliungua. Miaka miwili baadaye, 21 Oktoba 2022, ukawaka tena, safari hii juu zaidi karibu na kambi ya Karanga, mita kama 4,000.

Wengine watasema ni vichaka tu. Erika ndiyo inayokamata ukungu na kuudondosha chini kama maji. Ikiisha, mfereji wa bibi yangu kule chini unapungua, na hakuna atakayekumbuka kilichotokea Whona.

Wanjiru wa Nanyuki | #12

Mrombo, hata kwetu yalitokea. Machi 2012 Mlima Kenya uliwaka, na sisi huku chini tulikuwa tunatoka nje usiku kuona ule mstari mwekundu. Watoto walidhani ni mji mpya umejengwa huko juu.

Jicho la Mwewe | #13

Swali kwa mleta uzi na Mrombo. Nani anapima huo ukavu? Huku kwetu tunasikia tu "wananchi wachukue tahadhari."

Dereva wa Korongoni | #14

Mrombo, heshima yako kaka. Hiyo ya kiganja ardhini imenisisimua.

Mwewe, Kanada wana hesabu yao ya muda mrefu, na nchi nyingine zimeiazima. Kila siku saa sita mchana wanachukua joto, unyevu hewani, upepo na mvua. Kutokana na hapo wanatoa namba tatu za ukavu. Ya kwanza ni ya vile vitu vya juu: majani, nyasi, sindano za misonobari. Hivyo vinakauka kwa siku moja tu. Ya pili ni tabaka la chini yake, lile la majani yaliyoanza kuoza, linachukua wiki mbili hivi. Ya tatu ni udongo wa kina na magogo makubwa, karibu miezi miwili. Kisha wanachanganya na upepo kujua moto ukizuka utakimbia vipi.

Ukielewa hilo unaielewa Lytton. Mvua ya saa moja inaweza kuidanganya namba ya kwanza, nyasi zikalowa, watu wakatulia. Ya tatu haidanganyiki. Na moto anaouzungumzia Mrombo, ule wa chini ya miguu, ndiyo namba ya tatu hiyo inafanya kazi.

Sisi madereva tuna kanuni ya mkato tuliyofundishwa na mzimamoto mmoja kwenye kituo cha mafuta: thelathini, thelathini, thelathini. Joto likipita 30, unyevu ukashuka chini ya asilimia 30, upepo ukapita kilomita 30 kwa saa, usitupe hata kiberiti kilichozimika, na kagua minyororo ya tela isiburuze lami, maana cheche moja inatosha. Si sayansi kamili, Mrombo ametuonesha mlima unawaka hata ukiwa na barafu asubuhi. Ila inasaidia.

Tanga joto linakuja na unyevu, nguo inakuganda mgongoni. Kule korongoni sikuwahi kuona jasho langu. Nilidhani sitoki jasho. Nilikuwa natoka, linakauka kabla halijaonekana, ninabaki na chumvi nyeupe kwenye nyusi. Msitu nao ulikuwa unafanywa hivyohivyo.

Watu wanasema Lytton iliungua robo saa. Mimi naona ilianza kuungua Jumapili, Jumatano ndiyo tuliyoiona.

Nesi wa Zamu | #15

Kaka elezea na yale ya Novemba, watu wengi hawajui kama ni hadithi moja.

Dereva wa Korongoni | #16

Nilikuwa nayakwepa.

Mlima ukiungua sana udongo wake unapata kama utando wa nta, maji hayaingii, yanateleza. Na mizizi iliyoshikilia ardhi imekufa. Sasa tarehe 14 na 15 Novemba, mwaka uleule, ikaja mvua ya siku mbili, mto mzima uliokuja kwa njia ya angani kutoka baharini. Baadhi ya miteremko iliyokataa kunywa ilikuwa ileile iliyoungua kiangazi. Matope, magogo meusi na mawe vikashuka barabarani. Coquihalla ilikatika vipande, madaraja yakaning'inia. Barabara namba 1 ilikatika karibu na Lytton palepale. Mji wa Merritt ukahamishwa wote. Vancouver, mji mkubwa namna ile na bandari yake, haukuwa na barabara ya kwenda Kanada nyingine. Malori tulipanga foleni tukazunguka kwa kupita Marekani.

Lytton kwenyewe kujenga kulichukua muda mno. Kwanza taka zenye sumu, halafu chini ya majivu kukawa na mabaki ya kale ya Wanlaka'pamux ambayo lazima yachimbwe kwa uangalifu, halafu bima. Miaka mitatu baadaye nilipita, nyumba mpya unazihesabu kwa vidole. Ile sehemu niliyozoea kusimama nilisimama. Mito bado inakwenda ubavu kwa ubavu.

2023 ukaja mwaka mbaya zaidi, zaidi ya hekta milioni 2.8 ziliungua mkoa huo peke yake. Moto wa Agosti uliruka ziwa Okanagan hapo kwenye mji wa Kelowna. Maji mapana vile, cheche zikavuka na upepo.

Mgeni_Kamloops | #17

Wakuu samahani naingilia. Niko Kamloops, huu ni mwezi wetu wa tano tangu tufike, tumetokea Kigoma, mke wangu ni mjamzito na mama yangu yuko nasi. Moshi umeshuka tangu asubuhi, jua jekundu kama yai. Simu imelia kelele ya kutisha, imeandika tahadhari ya kuhama. Jirani zetu wanamwagilia bustani kama kawaida. Tukimbie au tungoje?

Dereva wa Korongoni | #18

Kaka tulia, soma taratibu.

Huko kuna maneno mawili, usiyachanganye. Tahadhari maana yake jiandaeni, muweze kuondoka mara tu mkiambiwa. Amri maana yake toka sasa hivi, usirudi kwa ajili ya kitu chochote. Umepewa la kwanza. Lakini kwa mjamzito na mama mzee huna haja ya kusubiri la pili. Mkiwa na mtu wa kufikia mji usio na moshi, ondokeni mapema barabara ikiwa nyeupe. Amri ikitoka kila mtu anaingia barabarani kwa pamoja.

Usiku huu jaza mafuta tangi zima, gari ligeuze uso utazame barabara. Pasi za kusafiria na karatasi zenu za uhamiaji ziwe kwenye mfuko mmoja mlangoni, pamoja na kadi ya kliniki ya mkeo na dawa za mama. Hizo karatasi zikiungua utazifuatilia miaka. Piga picha kila chumba kwa ajili ya bima. Mkiondoka mjiandikishe kituo cha wahamaji, ndipo mtakapopewa mahali pa kulala na chakula.

Moshi: chagueni chumba kimoja, fungeni madirisha, mlango uzibwe chini kwa taulo mbichi. Mkeo akitoka avae barakoa nzito ya N95, ile ya kitambaa haifai kitu. Ila chumba kikianza kuwa tanuri usiwaache humo kwa kuogopa moshi. Wapelekeni maktaba au dukani kwenye kiyoyozi, mkae mpaka jioni.

Jirani kumwagilia bustani si habari. Lytton moto ulikuwa kila mahali ndani ya robo saa.

Nesi wa Zamu | #19

Mkeo akisikia kizunguzungu, tumbo kubana, au mtoto kuchezacheza kupungua, piga simu dharura papo hapo. Usisubiri asubuhi. Na mama umuulize tarehe na majina ya wajukuu kila baada ya saa kadhaa. Akikosea, usicheke.

Mrombo_Halisi | #20

Tuko na wewe mdogo wangu. Andika hapa kila ukipata nafasi.

Mgeni_Kamloops | #21

Asanteni sana. Nimerudi kituo cha mafuta, tangi limejaa, foleni ilikuwa imeanza. Kuna ndugu yuko Surrey, tunaondoka alfajiri kwa Coquihalla. Mama alikuwa anasomewa huu uzi na mke wangu. Walipofika kwa yule mama wa Tanga kaamka kimya, kaenda kutoa beseni chini ya sinki. Anauliza maji yawe ya barafu?

Dereva wa Korongoni | #22

Ya bomba tu, barafu itamshtua. Yapite juu ya vifundo vya miguu. Kanga moja ailoweshe, nyingine aiweke kavu karibu yake, alfajiri atabadilisha mkianza safari.